Kocha Anabaki au Anatupiwa Virago? Tumezipima Huduma za Tetesi

Kocha akianza kukalia kuti kavu, shabiki hakosi pa kuchungulia. Kuna kurasa za tetesi, akaunti za X, odi (viwango vya malipo) za kampuni za kubeti, mikutano ya waandishi wa habari, tovuti za klabu na hata taarifa za soko la hisa. Karibu zote ni za bure, kwa hiyo tumezipima kwa mambo mawili tu: zinawahi kiasi gani, na zikisema jambo lina uzito gani. Tuseme mapema kwamba zinazowahi ndizo zinazohitaji kuchujwa zaidi, na ile iliyopoa kuliko zote, ya soko la hisa, mashabiki wengi hawajawahi kuifungua.

Tuanze na ukurasa wa "Tetesi za soka" wa BBC Swahili. Ni mkusanyiko wa yaliyoandikwa na wengine, na thamani yake yote iko mwishoni mwa kila aya, kwenye mabano, ambako chanzo hutajwa. Wengi husoma sentensi na kuruka mabano, na hapo ndipo wanapopotea. Habari ya kocha wa Hispania iliyotoka kwa gazeti la Hispania linalofuata klabu hiyo kila siku ina uzito. Habari ya kocha huyohuyo iliyotoka kwa gazeti la nchi nyingine lisilo na mtu pale ni ya kusoma na kupita. Ukurasa wenyewe haukupangii ipi ni ipi, na jina lake limeshakuambia ni tetesi. Kwa dakika tano za asubuhi, unatosha.

X ndiyo yenye kasi, na ndiyo yenye vurugu. Humo kuna makundi matatu ambayo lazima uyatenganishe. Kundi la kwanza ni waandishi wanaofuata soko zima la uhamisho, na Fabrizio Romano wa Italia ndiye anayejulikana zaidi. Nguvu yao ni mawakala: mkataba ukifika mezani, wakala anajua, na wao wanajua. Udhaifu wao unatoka palepale. Wakala ana sababu za kutaka jina la mteja wake litajwe. "Klabu kubwa inamfuatilia" ni sentensi inayoweza kumwongezea kocha mshahara mahali alipo, bila yeye kufunga hata begi moja. Kwa hiyo habari za mkataba kukamilika zichukulie kwa uzito, na habari za "kuvutiwa" ziache zipite.

Kundi la pili ni waandishi wa klabu moja, wale wanaokaa mazoezini, wanaosafiri na timu na kuuliza maswali kila Ijumaa. Hawa huchelewa kwa saa kadhaa, lakini ndio wa kuwafuata wakati kocha anakaribia kutimuliwa, kwa sababu uamuzi wa kufukuza hutoka ndani ya klabu na wakala huweza kuwa wa mwisho kujua. Ukiwasoma, tazama nani anazungumza nyuma ya sentensi. "Vyanzo ndani ya klabu" maana yake uongozi umeanza kuandaa mashabiki. "Watu wa karibu na kocha" maana yake kocha naye ameanza kujitetea. Pande zote mbili zikianza kunong'ona ndani ya wiki moja, kibarua kinaelekea kuota nyasi. Ukisikia upande mmoja tu, bado kuna mvutano.

Kundi la tatu ni akaunti za kunakili, na hizo tunazipa sifuri. Huchukua habari ya mtu, huondoa neno "huenda", huweka picha na alama ya mshangao. Mbaya zaidi ni zile zinazojifanya mwandishi fulani: jina lilelile, picha ileile, ila herufi moja kwenye anuani ya akaunti imebadilishwa, kwa mfano "l" ndogo imewekwa mahali pa "I" kubwa. Alama ya tiki ya buluu haikusaidii tena, kwani tangu mwishoni mwa 2022 inaweza kununuliwa kwa malipo ya mwezi. Kabla ya kusambaza, bonyeza jina uone akaunti ilianza lini na iliandika nini wiki iliyopita, kisha tafuta kauli ileile kwenye tovuti ya chombo ambacho mwandishi anafanyia kazi. Tazama pia tarehe ya video. Mahojiano ya msimu uliopita hurudi kila timu inapofungwa.

Odi za "kocha wa kwanza kuondoka" zinahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndizo zinazodanganya kwa sura ya hesabu. Odi ya 2.50 husomwa hivi: gawa 1 kwa 2.50, unapata asilimia 40. Lakini fanya hivyo kwa makocha wote kwenye orodha. Tuchukue mfano wa makocha sita wenye odi za 2.50, 4.00, 5.00, 8.00, 10.00 na 12.50. Asilimia zao ni 40, 25, 20, 12.5, 10 na 8, jumla 115.5. Ile 15.5 ya ziada ni faida ya kampuni. Ili upate uwezekano halisi ambao soko linaufikiria, gawa 40 kwa 115.5, na yule wa kwanza anashuka hadi kama asilimia 35. Orodha ikiwa na makocha ishirini, ziada huwa kubwa zaidi, hivyo odi ya mtu mmoja pekee usiitangaze kama asilimia.

Halafu kuna suala la fedha zilizomo. Soko la mshindi wa mechi kubwa lina fedha nyingi, na odi zake ni ngumu kusogezwa. Soko la makocha ni dogo, kampuni huweka kikomo cha chini cha dau, na mikeka michache tu inatosha kuiporomosha odi. Kisha vyombo vya habari huandika "odi zimeporomoka", mashabiki wanabeti kwa sababu ya habari hiyo, odi zinaporomoka tena. Ni mduara unaojilisha wenyewe. Kuna wakati mporomoko una maana, hasa ukitokea usiku bila mechi wala habari yoyote kutangulia, lakini huwezi kujua kama kuna mtu aliyetonywa siri au ni kundi la mashabiki wenye hasira.

Anayebeti asome masharti kwanza. Je, kujiuzulu kunahesabiwa sawa na kufukuzwa? Makubaliano ya pande mbili je? Kwenye soko la "kocha mpya wa kudumu", baadhi ya kampuni humhesabu kocha wa muda kuwa wa kudumu akifikisha mechi 10 mfululizo, nyingine hapana. Migogoro ya malipo kwenye masoko haya huweza kuanzia hapo. Kama chanzo cha habari, odi tunazipa alama ya chini.

Sasa twende kwenye huduma tunayoipenda. Klabu zilizo kwenye soko la hisa, kama Manchester United kule New York, Borussia Dortmund kule Frankfurt na Juventus kule Milan, zina wajibu wa kuwaambia wawekezaji mambo mazito, na taarifa hizo ziko wazi kwa yeyote. Mfano mzuri ni Oktoba 2024. Manchester United ilimfuta kazi Erik ten Hag tarehe 28. Siku iliyofuata, wakati mitandao bado inabishana kama Ruben Amorim, kocha wa Sporting ya Lisbon, anakuja au la, kampuni ya soka ya Sporting ilipeleka taarifa kwa CMVM, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Ureno: United imeonyesha nia na iko tayari kulipa euro milioni 10 za kipengele cha kuvunja mkataba. Hapakuwa na "vyanzo" wala "inafahamika". Dili lilipotangazwa Novemba 1, gharama ilikuwa euro milioni 11, ile moja ya ziada ikihusu kumwachia kabla ya notisi ya siku 30 kwisha. Aliyejua habari ya notisi hakushangaa kuona Amorim akianza kazi Novemba 11 na Ruud van Nistelrooy akishika timu kwa mechi nne.

Taarifa hizo hukufundisha pia bei ya kumfukuza mtu. Ripoti za fedha za United zilionyesha pauni milioni 19.6 kwa José Mourinho na wasaidizi wake walioondoka Desemba 2018, na pauni milioni 10.4 kwa Ten Hag na benchi lake. Ukitaka kujua kwa nini bodi inavumilia vipigo vya mwezi wa Machi, anzia kwenye tarakimu za aina hiyo na miezi iliyobaki kwenye mkataba.

Kasoro yake ni kwamba klabu nyingi hazimo. Real Madrid na Barcelona ni mali ya wanachama, Liverpool ni ya wamiliki binafsi. Lugha nayo inaweza kuwa Kireno au Kijerumani, ingawa programu ya kutafsiri inatosha kwa aya mbili. Kujiunga ni rahisi: fungua sehemu ya wawekezaji kwenye tovuti ya klabu, andika barua pepe yako kwenye fomu ya arifa kama ipo, basi.

Taarifa rasmi za klabu na kauli za makocha wenyewe ni za kweli kwa siku zinapotolewa, na baada ya hapo zinachacha haraka. Xavi alitangaza Januari 27, 2024 kwamba angeondoka Barcelona mwisho wa msimu. Aprili ikatangazwa kuwa anabaki. Mei 24 akafutwa kazi. Ten Hag alitwaa Kombe la FA Mei mwaka huohuo, akaongezewa mkataba hadi 2026 mwezi Julai, na hakumaliza Oktoba. Julen Lopetegui aliongeza mkataba na Hispania Mei 2018. Juni 12 Real Madrid ikamtangaza kuwa kocha wake mpya, na kesho yake Hispania ikamtimua, siku mbili kabla ya mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia. Mkataba mpya unapandisha gharama ya kuachana. Haumfungi mtu kitini.

Hata rais wa shirikisho si chanzo cha uhakika. Mwaka 2023 rais wa CBF, shirikisho la soka la Brazil, alisema Carlo Ancelotti angeanza kuinoa Brazil mwaka 2024. Desemba 29, 2023 Ancelotti akasaini tena Real Madrid. Akaja kutangazwa kweli kocha wa Brazil, lakini ilikuwa Mei 2025.

Kuna na habari ambazo hakuna huduma inayozinasa. Jürgen Klopp aliwaambia viongozi wa Liverpool Novemba 2023 kwamba anaondoka. Ulimwengu ulijua Januari 26, 2024, kupitia video ya klabu yenyewe. Anayejiondoa kwa hiari, akiwa na watu wachache wanaotunza siri, huwapita wote: X, odi, magazeti. Kwa kocha anayeshinda, ukimya hauna tafsiri yoyote, na anayekuuzia tafsiri yake anabahatisha.

Tukipanga simu ya shabiki leo, tungewasha arifa za waandishi wawili wanaofuata klabu yake kila siku, mmoja wa soko zima, na programu rasmi ya klabu kwa ajili ya uthibitisho. Kama klabu iko kwenye soko la hisa, barua pepe ya wawekezaji iongezwe. Na kama kocha anayetajwa yuko klabu iliyoko kwenye soko la hisa, ya huko iongezwe pia, maana Oktoba 2024 jibu lilitoka Lisbon kabla ya Manchester. Ukurasa wa tetesi usomwe asubuhi, pamoja na mabano yake. Akaunti za kunakili ziondolewe, na arifa za odi zizimwe.