Hita ya sola Newala: punguzo la papo hapo au kurudishiwa baadaye?

Binti yangu alikuja kujifungulia nyumbani mwezi wa Juni, na hapo ndipo nilipoamua. Watu wakisikia Mtwara wanafikiria jasho la pwani, lakini huku Newala, juu ya uwanda wa Makonde, asubuhi za Juni na Julai ni ukungu na upepo, na maji ya bomba yanauma vidole. Mzazi anakandwa asubuhi na jioni, mtoto anaogeshwa, na magoti yangu siku hizi hayataki kabisa maji ya baridi. Mkaa ulikuwa unakwisha mbio, na hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ilikuwa inakula luku. Nikasema pesa ya korosho ya msimu huu, kabla haijagawanyika, inunue hita ya sola ya lita 150.

Nilipata bei mbili. Duka la kwanza, la Dar es Salaam, lilitaka 1,850,000, kisha unarudishiwa asilimia 20, yaani 370,000, ndani ya siku 90. La pili, la Mtwara mjini, lilikuwa 1,650,000, wakapunguza 120,000 pale pale. Kwa haraka haraka la kwanza linaonekana rahisi: 1,480,000 dhidi ya 1,530,000. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kulielekea.

Kilichonizuia ni ile karatasi ya masharti, niliyoisoma usiku na miwani yangu. Ukitaka marejesho, lazima afunge fundi wao, na nauli na malazi yake ni juu yako. Nikapigiwa hesabu: 240,000. Hapo imeshafika 1,720,000. Duka la Mtwara waliniruhusu kutumia fundi wa hapa kwa 80,000, na gari ya mizigo kupitia Nanyamba na Tandahimba ilinitoza 45,000. Jumla 1,655,000, na hakuna pesa yangu iliyobaki kwa mtu.

Jirani yangu alichukua ile ya marejesho. Alijaza fomu, akaambatanisha risiti ya mashine, namba ya tangi na picha za paa. Wakamjibu kwamba bomba la maji ya moto liliunganishwa na fundi mwingine, kwa hiyo dai limekataliwa. Kweli, fundi wao aliondoka kabla ya kumaliza bomba la bafuni, sasa yeye angefanyaje? Nimeumia kwa ajili yake. Laki tatu na sabini huku kwetu ni ada ya mtoto.

Kuna nchi ambazo mambo haya yamewekwa vizuri. Australia, kwa mfano, hita ya sola iliyokidhi vigezo inampa mnunuzi vyeti vyenye thamani ya pesa. Wengi humwachia muuzaji vyeti hivyo, naye anawapunguzia bei siku hiyo hiyo. Marejesho niliyoahidiwa mimi yalikuwa ya muuzaji mwenyewe, na nilipolinganisha bei zao niliona wazi kwamba sehemu kubwa ya ile asilimia 20 ilikuwa imeshapandishwa ndani ya 1,850,000.

Faida yenyewe nimeipima kwa luku. Tunatumia kama lita 80 za moto kwa siku. Kuzipandisha nyuzi 25 kwa umeme kunahitaji uniti mbili na kidogo, karibu 70 kwa mwezi. Kwa shilingi 350 hivi kwa uniti, ni kama 24,500 kwa mwezi. Hita itajilipa baada ya miaka mitano na nusu. Kwa hiyo 370,000 ni akiba ya miezi 15, na ndiyo maana inatamanisha hivyo.

Siku ya kufunga, fundi alitaka kuielekeza kusini kwa sababu paa la upande ule lina mteremko mzuri. Nikamwambia, "Mwanangu, miezi ya baridi jua letu linapita kaskazini." Akatoa simu, akaangalia dira, akasema, "Kweli mama," akaunda fremu ya chuma upande wa pili.

Tatizo kubwa lilikuwa maji. Yanakuja kwa zamu, na siku moja tangi la hita lilikauka bila sisi kujua. Yaliporudi saa saba mchana, jua kali, nikasikia juu ya paa mlio mkavu, "paa!" Mrija wa kioo uliokuwa umeungua mtupu ulipokea maji baridi ukapasuka. Garantii haigusi kosa hilo. Mrija mpya 25,000, ukaletwa na basi kutoka Mtwara kesho yake, na hapo nikashukuru kununua karibu. Sasa nina simtanki la lita 500 juu ya mnara, limeipita hita kwa kimo, na likikauka tunafunga koki ya kuingiza maji kwenye hita mpaka alfajiri, mirija ikiwa imepoa.

Siku za mawingu mazito ya masika maji yanakuwa vuguvugu tu, na kwa kumkanda mzazi bado unaongeza sufuria jikoni. Mengine yote nimeridhika nayo. Jana saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujaondoka, nilifungua koki ya bafuni na kujaza beseni la mjukuu, mvuke ukapanda mpaka kwenye kioo.