Chandarua gani kinamfaa mtoto anayegaragara usiku kucha

Saa nane za usiku nilimulika kitanda cha mwanangu kwa tochi ya simu. Nilikuwa nimemlaza vizuri, kichwa juu ya mto. Sasa kichwa kilikuwa ukingoni, mwili umekaa mshazari, na mguu wa kulia umegandamana na chandarua kama uliobandikwa. Nje ya chandarua, pale pale penye mguu, mbu wawili walikuwa wametulia. Asubuhi nilihesabu vipele saba, vyote kuanzia kifundo cha mguu kushuka chini.

Chandarua kilikuwepo, kimetundikwa, na hakikuwa na tundu hata moja. Kilikuwa na kasoro mbili tu: upana wake haukukitosha kitanda, na hakikuwa na dawa. Mtoto mchanga hulala pale ulipomweka. Wa mwaka mmoja hadi mitatu hulala kitanda kizima, kila kona. Kwa hiyo mzazi ukiingia dukani, acha kwanza habari ya rangi na marembo, ujiulize hili: mtoto akibiringika mpaka akakigusa, kitamlinda? Nimevipanga vyandarua vinavyouzwa kwetu Mwanza kwa kipimo hicho. Nadhani hata aliyeko Dar es Salaam au Mombasa atavikuta hivi hivi.

Nafasi ya kwanza: cha pembe nne, chenye dawa, futi sita kwa sita

Hiki ndicho ningemnunulia kila mtoto ninayemfahamu. Kuta zake zinashuka wima kutoka juu, kwa hiyo nafasi ya juu na ya chini ni ileile, na mtoto ana pa kujigeuzia. Chukua sita kwa sita hata kama kitanda ni tatu na nusu kwa sita. Ile ziada ndiyo unayoichomekea chini ya godoro, na ndiyo inayoacha upenyo kati ya ngozi ya mtoto na wavu. Angalia na kimo. Vipo vya sentimita 150 na vya 180. Cha 150 ukishakichomekea kinakazana kama ngozi ya ngoma. Mtoto akikisukuma kwa mguu mara moja tu kinachomoka. Cha 180 kinalegea vizuri.

Dawa ndiyo inayofanya kazi pale mtoto anapokigusa. Mbu akitua kwenye uzi wenye dawa anakufa au anaondoka. Kwenye uzi mtupu anasimama, anapitisha mdomo kwenye kijitundu, anakunywa damu na kwenda zake. Mguu wa mwanangu ulinifundisha hilo.

Dawa nazo zinatofautiana, na hapa naomba tuende polepole. Kwa miaka mingi vyandarua vyetu vimekuwa na dawa za jamii moja, ya pairethroidi, na permethrini ni mojawapo. Mbu wa sehemu nyingi, kanda yetu ya ziwa ikiwemo, wameizoea. Ndipo vikaja vyandarua vya mchanganyiko. Aina moja imeongezewa PBO, kitu ambacho chenyewe hakimuui mbu ila kinamnyima uwezo wa kuivunjavunja dawa mwilini mwake. Kilijaribiwa kwetu huku huku, Muleba mkoani Kagera, na kikaonekana kuwakinga watoto kuliko cha kawaida. Aina nyingine imeongezewa klofenapiri, dawa inayomkata mbu nguvu kwa njia tofauti kabisa na pairethroidi. Hiyo ilijaribiwa Misungwi, hapo jirani na sisi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022: katika miaka miwili, malaria kwa watoto ilipungua kwa asilimia 44 kuliko kwenye vijiji vilivyopewa vyandarua vya pairethroidi peke yake. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likavipendekeza rasmi.

Kwa mnunuzi maana yake ni moja: soma lebo. Chandarua cha kweli cha dawa ya kudumu kina lebo iliyoshonewa pembeni, yenye jina la kiwanda, jina la dawa na vipimo. Ukiona limeandikwa jina la pairethroidi pamoja na PBO au klofenapiri, na bei unaimudu, chukua hicho. Ukikosa, cha pairethroidi peke yake bado kinakizidi kisicho na dawa. Muuzaji akikwambia "hiki kina dawa" na lebo haipo, hesabu kwamba hakina.

Kabla ya kutoa pesa, uliza kliniki. Tanzania mtoto hupewa chandarua chenye dawa bure anapopelekwa chanjo ya surua ya miezi 9, na mama hupewa anapoanza kliniki ya ujauzito. Wengi tunakipokea, tunakiweka kabatini "kwa ajili ya wageni", halafu tunakwenda kununua cha maua. Kitoe hicho kabatini leo. Na ukikutana na cha bure kinauzwa sokoni usikinunue, maana kuna mtoto wa mtu aliyekikosa.

Kuna vya uzi laini wa poliesta na vya uzi mgumu kidogo wa polithini, kama vile vinavyotengenezwa Arusha katika kiwanda cha A to Z. Wengi hupenda laini wakishika kwa mkono. Mimi kwa mtoto anayevuta na kung'ang'ania naona kile kigumu kinastahimili zaidi.

Ya pili: cha duara chenye dawa

Sifa yake kubwa ni msumari mmoja. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe atakishukuru. Tatizo liko kwenye umbo: juu chembamba, chini kipana, kwa hiyo mtoto akisimama au akipanda juu ya mto kichwa kinakutana na wavu. Ukikichagua, omba wakufungulie dukani ukione upana wa chini. Kikishindwa kuzunguka godoro la tano kwa sita na kubaki cha kuchomekea, kirudishe. Na msumari usiwe katikati ya kitanda cha watu wazima wakati mtoto analala ukutani. Usogeze upande wake.

Ya tatu: cha stendi, kisicho na dawa

Hivi ndivyo vinavyopendeza: nguzo nne za chuma, pazia la lesi, rangi ya waridi. Ukipita Makoroboi, hapa Mwanza, utaviona vimesimamishwa kama maharusi. Havihitaji msumari, na vikiwa vipana vinaacha nafasi nzuri. Lakini vingi havina dawa, lesi nyingine ina matundu ya kupitisha mbu bila shida, na mlango wake wa katikati hufunguka mtoto akijigeuza. Juu ya hayo, mtoto wa miaka miwili akiona nguzo anataka kuipanda. Kama tayari unacho, tumia, ila kichomekee pande zote, ufunge mlango kwa vibanio vya nguo, na uzitikise nguzo kuona kama zimekaza. Kama ndiyo unataka kununua, pesa hiyo inatosha kupata cha pembe nne chenye dawa na ukabakiwa na ya unga wa uji.

Ya nne: hema la zipu

Linakunjwa, linaingia kwenye begi, na kwa safari ya kijijini ni zuri kweli. Mimi nalipendea kazi nyingine: usingizi wa mchana. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, ila yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza homa ya dengue, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mtoto anayelala mkekani sebuleni baada ya chakula anahitaji kinga kama anayelala kitandani. Nunua lenye sakafu, na ufungue na kufunga zipu mara kumi pale pale dukani. Zipu ikikwama mara moja, liache. Usilifanye la kila usiku: ni dogo, na mtoto analala ameliegemea.

Ya mwisho: kimwavuli

Kile cha kufunika mtoto kama kawa. Ni cha mtoto mchanga. Akishajua kukaa atakiinua, akishajua kusimama atatembea nacho. Usimnunulie mtoto wa mwaka na kuendelea.

Ukishakileta nyumbani

Chandarua kipya cha dawa kitoe kwenye mfuko ukitandaze kivulini saa 24 kabla mtoto hajalala ndani. Ukiruka hatua hii anaweza kuwashwa uso na macho, na wazazi wengi huacha kukitumia kwa sababu ya usiku huo mmoja. Kikianza kutumika, kifue kikichafuka tu, kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, bila jiki, na ukianike kivulini kwa sababu jua kali linaiharibu dawa. Vimetengenezwa kustahimili kufuliwa kama mara 20 na kutumika miaka mitatu hivi. Kukifua kila wiki ni kukiua. Maji uliyofulia yamwage kwenye choo cha shimo au ardhini mbali na kisima. Yasiingie ziwani wala mtoni, samaki wanakufa.

Kamba za kutundikia zikate fupi. Kamba inayoning'inia karibu na shingo ya mtoto ni hatari kuliko mbu. Kibatari na mshumaa visikae karibu na kitanda, uzi huu unashika moto upesi. Na mtoto akianza kutafuna pindo, mzoeze kitu kingine cha kushika mkononi.

Kila mwezi kikague mchana, ukikishika mbele ya dirisha. Tundu la kupitisha dole gumba lishonwe siku hiyo hiyo. Chetu kilianza kutoboka chini, pale kinaposuguana na mbao za kitanda. Nilimpelekea fundi cherehani na shuka kuukuu la pamba. Akakata vipande vya upana wa shibiri moja, akavishona kuzunguka pindo lote. Sasa kinachosuguana na mbao ni shuka, na kuchomekea kumekuwa rahisi kwa sababu pindo lina uzito. Mwanangu bado anaamkia upande wa miguuni.