Makumbusho ya soka Hampden Park, Glasgow: mimi nilimfuata Andrew Watson

Kama uko Glasgow na unapenda boli basi usiondoke bila kupita makumbusho ya soka ya Uskoti pale Hampden Park, uwanja wa timu yao ya taifa, unapanda treni Glasgow Central unashuka Mount Florida, kamwendo kadogo ushafika. Cheki tu ratiba kwanza maana siku za mechi mambo yanabadilika.

Wengi wanaenda kwa ajili ya wafungaji mashuhuri wa Uskoti kina Kenny Dalglish na Denis Law, na ni haki yao, halafu kuna lile Kombe la Uskoti lenyewe la fedha, la tangu 1873, dogo kuliko nilivyodhani ila ukilisogelea nywele zinasimama.

Mimi lakini nilimfuata Watson, ambaye wamemwingiza kwenye orodha yao ya magwiji 2012. Mtu mweusi huyu, kazaliwa Demerara kwenye Guiana ya Waingereza (Guyana ya leo) mwaka 1856, baba Mskoti tajiri wa mashamba ya miwa, mama mwenyeji wa kulekule, Hannah Rose. Akaja kusoma Chuo Kikuu cha Glasgow, boli likamchukua jumla. Alikuwa beki. Machi 1881 anavaa jezi ya Uskoti kwa mara ya kwanza na hapohapo ndo kapteni, wanaenda London wanaipiga Uingereza 6-1, na mpaka leo Uingereza haijapigwa nyumbani kipigo kikubwa kuliko hicho! Kacheza mechi tatu tu, zote kashinda, mabao 16 kwa 3. Akahamia London na enzi hizo ukitoka Uskoti huitwi tena timu ya taifa, basi ikaishia hapo, baadae akawa injinia wa meli, akafariki 1921. Miaka mingi watu walikuwa wakisema mchezaji mweusi wa kwanza ni kipa Arthur Wharton, jina la Watson halitajwi kabisa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Waliotutembeza wanaipenda kazi yao, ulizeni maswali msiogope. Nyota tano bila kusita.

Na mkitoka msirudi stesheni moja kwa moja. Tembeeni mpaka Hampden Bowling Club, ndo palikuwa uwanja wa Hampden wa kwanza, ukutani wamechora mechi ya 1882 waliyoifunga Uingereza 5-1 na Watson yumo. Nilisimama pale mbele ya ukuta muda mrefu, mvua inaninyeshea, sikutaka kuondoka.