Ununue nini ili laptopu ikifa usianze upya

Mnunuzi wa diski ya nje huwa na maswali mawili: ina ukubwa gani, na ni bei gani. Swali la tatu humjia baadaye, laptopu ikishagoma kuwaka na kesho kuna kazi ya kukabidhi: sasa vitu vyangu ninavirudishaje? Orodha hii nimeipanga kwa kulitanguliza hilo la tatu. Kifaa kitakachokurudisha kazini bila kumtafuta fundi kimekaa juu, hata kama dukani hakipendezi.

Kabla ya kutoa pesa, tenganisha mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Kuna faili zako: picha, hati, mahesabu, kazi za shule. Halafu kuna mfumo: Windows, macOS au Linux yenyewe, pamoja na programu ulizosakinisha, leseni zake, mipangilio, printa na manenosiri yaliyotunzwa na kivinjari. Faili unaweza kuzinakili kwa mkono. Mfumo haunakiliki kwa kuburuta folda. Unahitaji imeji, yaani nakala ya diski nzima jinsi ilivyo, pamoja na ile sehemu inayoiwasha kompyuta. Hili nililijua kwa taabu. Diski ya laptopu yangu ilipokufa, hati zote zilikuwa salama pembeni, lakini wikiendi nzima iliishia kwenye kusakinisha programu moja baada ya nyingine, na kwa wiki mbili zilizofuata kila siku nilikuwa nagundua kitu kingine ambacho hakipo.

1. Diski ya nje ya kuzunguka (HDD), na ziwe mbili

Ndiyo, mbili. Kwa kila terabaiti, HDD bado ndiyo nafuu kuliko SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka, kwa hiyo pesa za SSD moja kubwa mara nyingi hutosha kununua HDD mbili. Na hata ukibaki kwenye HDD, afadhali mbili za terabaiti 2 kuliko moja ya terabaiti 4. Moja ikae karibu na laptopu. Nyingine ilale kwingine, ofisini au kwa ndugu unayemwamini, kisha zibadilishane zamu kila baada ya wiki chache. Mwizi akiingia chumbani haachi diski mezani kwa heshima ya nakala zako, na moto na maji ni vivyo hivyo. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni inayoitwa 3-2-1: data iwe na nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, na moja iwe nje ya nyumba. Laptopu yenyewe ukiihesabu kuwa nakala ya kwanza, diski mbili za namna hii zinakufikisha karibu kabisa na kanuni hiyo.

Ukubwa: chukua walau mara mbili ya hifadhi ya laptopu. Apple hutoa ushauri huohuo kwa wanaotumia Time Machine, programu ya nakala iliyomo kwenye Mac, na unafaa kwa mfumo wowote, kwa sababu nakala nzuri hubeba matoleo ya zamani ya faili pia. Laptopu ya gigabaiti 512 inataka diski ya terabaiti 1. Ukiichomeka kwenye Windows utaona gigabaiti 931 tu. Usimgombeze muuzaji, kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024, na baiti ni zilezile.

Kasi yake ni ya kadiri. Kwa faili kubwa, tarajia megabaiti mia moja na kidogo kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 400 huchukua zaidi kidogo ya saa moja. Maelfu ya faili ndogondogo huchukua muda mrefu zaidi. Hiyo ni mara ya kwanza tu. Baada ya hapo programu hubeba kilichobadilika, na kazi huisha wakati unakunywa maji. Ukiona inajikokota mno, kagua tundu ulilochomeka: USB 2 huibana diski hadi megabaiti thelathini au arobaini kwa sekunde, hata iwe mpya vipi.

Jambo ambalo sanduku halikuambii: diski nyingi ndogo za kubeba huandika kwa mtindo wa SMR, ambao njia zake zimelaliana kama vigae vya paa. Zikiandikwa kwa muda mrefu mfululizo hupungua kasi sana. Kwa nakala si tatizo, iache ifanye kazi usiku. Usiinunue tu kwa ajili ya kuhariri video au kuendeshea programu moja kwa moja.

Adui wake ni kuanguka ikiwa inazunguka. Ukiisikia ikigonga ta-ta-ta, ichomoe papo hapo. Kama ni nakala tu, nunua nyingine siku hiyohiyo. Kama ndiyo iliyobeba nakala pekee, usiendelee kuiwasha ukijaribu bahati, maana kila kuwaka kunaweza kuongeza mikwaruzo; hapo ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa data. Dhamana haitakusaidia. Dhamana hulipa diski, hailipi kilichomo.

2. SSD ya nje

Kama laptopu yako inaishi begani, kwenye mabasi na madawati ya watu, ifanye hii namba moja na usinisikilize. Haina kitu kinachozunguka, inavumilia kudondoka, na yenye USB ya gigabiti 10 (biti, si baiti: biti nane ni baiti moja) hufika takribani megabaiti 1000 kwa sekunde, ingawa za bei ya chini huanza kusuasua baada ya gigabaiti kadhaa za kwanza. Siku ya kurudisha mfumo utaipenda: kazi ya saa nzima inaweza kuwa ya dakika chache.

Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei. Ya pili ni kwamba SSD hutunza data kama chaji ya umeme ndani ya seli, na chaji huvuja polepole isipochomekwa. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa vya elektroniki, kwa SSD za watumiaji wa kawaida kinadai kwamba ikishatumika hadi mwisho wa uhai wake wa kuandikwa, itunze data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi joto 30. Iliyo mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi, hivyo usiogope. Ila si kifaa cha kufungia kabatini miaka mitano na picha za harusi. Ichomeke kila baada ya miezi michache. Na ikifa, mara nyingi haigongi wala kulalamika. Inanyamaza tu.

3. Huduma ya nakala mtandaoni

Hapa ndipo watu wengi hudhani wamefunikwa kumbe wako wazi. Google Drive, OneDrive, iCloud na Dropbox kazi yake ya kwanza ni kulinganisha: kilichopo hapa kiwepo na kule. Ukifuta folda hapa, kule nako inafutika. Virusi vikiziharibu faili zako hapa, kule nako hupanda zilizoharibika. Zina pipa la taka na matoleo ya zamani, lakini vyote vina muda wake. Google Drive, kwa mfano, husafisha pipa baada ya siku 30. Nafasi ya bure nayo ni gigabaiti 15 kwa Google, 5 kwa OneDrive na iCloud, 2 kwa Dropbox. Zinatosha hati, hazitoshi maisha.

Huduma za nakala hasa, kama Backblaze, ni kitu kingine: zinachukua faili zako kimyakimya na kutunza matoleo. Lakini hata Backblaze haichukui mfumo endeshi wala programu. Kwa hiyo ni nakala bora ya pale "nje ya nyumba", na ni mbovu kwa kuirudisha laptopu yenyewe.

Kabla ya kulipia, pima kasi yako ya kupakia, si ile ya kupakua wanayoitangaza. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 400 zinahitaji karibu siku nne za kupakia bila kupumzika. Kwa megabiti 2, ni zaidi ya wiki mbili na nusu. Kama kifurushi chako cha intaneti kina kikomo, hesabu imeishia hapo.

Tena jiulize swali ambalo halimo kwenye matangazo: laptopu na simu zikiibwa kwenye begi moja, utaingiaje kwenye akaunti inayotuma namba ya uthibitisho kwa simu hiyohiyo? Chapisha zile namba za dharura za akaunti na uziweke mahali ambapo begi halifiki.

4. Seva ndogo ya nyumbani (NAS)

Hiki ni kisanduku cha diski kinachounganishwa na mtandao wa nyumbani. Kwa nyumba au ofisi yenye laptopu nne, tano, ni raha: kila moja inajinakili kupitia Wi-Fi bila mtu kukumbuka. Kwa mtu mmoja ni gharama ya bure. Kisanduku mara nyingi huuzwa bila diski, kinakula umeme mchana na usiku, na kinahitaji mtu wa kukisasisha. Wala usiuziwe RAID kwa jina la nakala. RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, inakulinda diski moja ikifa. Faili ukiifuta kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote kwa uaminifu mkubwa.

5. Flashi

Kama ghala la nakala, hapana. Lakini nunua moja leo kwa kazi nyingine: ya kuwashia laptopu iliyokufa. Imeji ikiwa kwenye diski ya nje na laptopu haiwaki, kuna kitu lazima kiiwashe ndipo imeji isomwe. Microsoft hushauri flashi ya walau gigabaiti 16 kwa diski ya urejeshaji ya Windows, na vilivyomo vitafutwa, kwa hiyo isiwe ile yenye hati zako. Programu ya imeji utakayoichagua huwa nayo na chaguo la kutengeneza flashi yake. Itengeneze sasa, kompyuta ikiwa nzima.

Jihadhari na flashi inayodai terabaiti 2 kwa bei ya sabuni. Ziko zilizochezewa zionyeshe ukubwa ambao hazina: unajaza, inakubali, na ukifungua unakuta takataka. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Mac na Linux, huiandika yote kisha kuisoma, ukweli unajulikana.

6. Kizigeu cha D

Kizigeu ni kipande tu cha diski iliyogawanywa: D imo ndani ya diski ileile ya laptopu. Diski ikifa, C na D huzikwa pamoja, na ile sehemu ya urejeshaji iliyowekwa kiwandani nayo imo kaburini.

Programu: usinunue kabla ya kujaribu za bure

Mwenye Mac hana haja ya kutafuta. Time Machine, iliyoanza mwaka 2007, hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma, hadi diski ijae ndipo ifute za zamani kabisa.

Kwenye Windows ndiko kuna mtego. File History, zana ya nakala iliyomo ndani yake, hubeba faili tu. Zana ya zamani ya kutengeneza imeji bado unaikuta kwenye paneli ya udhibiti, lakini tangu 2017 Microsoft yenyewe iliacha kuiendeleza na kuelekeza watu kwa programu za wengine. Macrium Reflect ya bure, iliyopendwa na wengi, ilikoma kuhudumiwa mwanzoni mwa 2024; sasa ni ya kulipia. Za bure zilizobaki ni Veeam Agent, inayofaa kwa nakala za kila siku, na Rescuezilla, ambayo unaiwasha kutoka kwenye flashi. Clonezilla ni ya bure pia na ina nguvu, ila skrini zake humtisha mgeni, na ukichanganya diski chanzo na diski lengwa haitakusamehe.

Kwenye Linux, Timeshift hulinda mfumo na kwa kawaida huacha folda yako ya nyumbani nje; iongezee Déjà Dup kwa faili.

Kitu kimoja zaidi kwa watu wa Windows. Laptopu nyingi mpya huja na diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha bodi au kuhamishia diski kwenye mashine nyingine, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Kama umeingia kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo huwa umehifadhiwa humo. Uandike karatasini leo, si siku ya msiba.

Ukishafika nyumbani

Diski isibaki imechomekwa. Virusi vya kufunga faili na kudai pesa, kama WannaCry ya Mei 2017, hufunga kila wanachokifikia, na diski ya nje iliyochomekwa inafikika kama folda nyingine yoyote. Chomeka, nakili, chomoa.

Kisha ijaribu. Mwaka 2017 kampuni ya GitLab ilifuta kwa makosa hifadhidata yake kuu, ikageukia njia zake tano za nakala na kukuta hakuna hata moja inayofanya kazi ipasavyo. Iliokolewa na nakala ambayo mfanyakazi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla. Hao ni wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Jaribio lenyewe ni la nusu saa. Rudisha folda moja kwenye eneo tofauti na ufungue faili tatu, nne, si kutazama majina tu. Halafu zima laptopu, iwashe kwa ile flashi, uone kama programu ya urejeshaji inaiona diski ya nje na imeji iliyomo. Ikishaiona, toka bila kubonyeza kitu. Fanya haya yote ndani ya siku ambazo duka bado linapokea bidhaa iliyorudishwa, na risiti usiitupe pamoja na sanduku.