Die Welle: maandishi yakakata pale pale ukumbini

Bado nina hasira. Nimeikodi Die Welle, filamu ya Kijerumani ya 2008 ya Dennis Gansel, kwenye huduma moja ya mtandaoni. Kijerumani sikijui, nategemea maandishi ya chini ya skrini. Yalikwenda vizuri mpaka mwalimu Wenger alipowakusanya wanafunzi ukumbini, milango ikafungwa, akaanza kuhutubia. Maandishi yakapotea! Nikarudisha nyuma, nikazima, nikawasha. Wapi!

Kwa ambaye hajaiona (nafichua mengi): darasa haliamini kwamba udikteta unaweza kurudi Ujerumani, basi Wenger anawajaribu kwa wiki moja. Nidhamu, shati jeupe kwa kila mtu, saluti ya mkono unaopita kifuani kama wimbi. Karo anaingia na nguo nyekundu kati ya weupe ule na wenzake wanamtenga. Tim, mpweke wa siku zote, anachoma moto nguo zake za zamani. Hatima yao wote inaamuliwa ukumbini, nami nimeachiwa makelele tu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: filamu hii ni ya Kijerumani, kwa hiyo hakuna hitilafu. Basi! Hata pole hakuna.

Nilikuwa naipa nyota moja. Lakini niliendelea kutazama, na mwanafunzi Marco alipopinga, akakamatwa na wenzake na kupelekwa jukwaani kwa nguvu, sikuhitaji mkalimani. Nilizitazama nyuso za waliomshika. Hakuna hata mmoja aliyesita. Mwili ulinisisimka.

Kisha bastola ikatoka, na hapo nikamkasirikia mwongozaji mwenyewe. Tim anapojiua, ni rahisi mno kusema tatizo lilikuwa yeye, mgonjwa mmoja, na ukumbi mzima ukasahaulika. Jaribio halisi ambalo filamu imetokana nalo, la mwalimu Ron Jones, Palo Alto, California, 1967, halikuua mtu. Aliwaahidi wanafunzi kwamba kiongozi wao wa kitaifa atatokea kwenye televisheni. Wakakaa kimya wakisubiri, skrini ikabaki tupu. Hilo linanitisha kuliko risasi yoyote, na filamu imeliacha!

Hata hivyo itazameni. Nyota nne, labda nne na nusu kwa sababu ya Jürgen Vogel anayemwigiza Wenger, maana hata bila kuelewa neno lake moja nilihisi ukumbi unamfuata. Ile huduma sifuri. Pesa yangu mpaka leo hawajarudisha.