Bastola ya kubeba kila siku Dar: saizi ipi inakaa kiunoni bila kujichora

Fundi wangu wa nguo Mtaa wa Kongo aliniuliza, "Mzee, umenenepa?" Nilikuwa nimempelekea suruali tano azitanue kiuno, inchi moja na nusu kila moja, na mashati aliyokuwa ananishonea ayaongeze urefu kidogo. Nikamwambia ashone tu. Ikabidi nilipie suruali tano na mkanda mpya, gharama ambayo muuzaji wa silaha hatakutajia hata siku moja. Nguo zako zilipimwa kwa mwili mtupu, na wewe sasa unataka kuingiza na chuma humo.

Mimi nauza vitambaa Kariakoo. Jioni nafunga duka na mauzo ninayo, kisha nakaa kwenye foleni ya Morogoro Road mpaka nyumbani. Hii ninayobeba sasa ni bastola yangu ya tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa mno, ya pili ndogo mno. Jamaa wengi wenye maduka huniuliza wanunue ipi, na kila mara naona wanauliza jina la kampuni kwanza. Saizi ndiyo itakayoamua kama utaibeba au utaiacha nyumbani.

Na uamuzi huu haurudiwi kirahisi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 huwezi kumiliki bila leseni, na safari ya kuipata inaanzia kwa watu wanaokufahamu mtaani inapanda hadi polisi. Leseni nayo inaitaja silaha yenyewe kwa namba yake. Bastola si simu, kwamba ukiichoka unampa shemeji unachukua nyingine. Ukikosea saizi, utakaa na kosa lako kiunoni au utaanza kuhangaika na makaratasi upya.

Uhakiki wa silaha wa 2016 ulinifumbua macho. Nilipokwenda na yangu, niliwaona wenzangu wametoa bastola kubwa kwenye bahasha za kaki na mifuko ya plastiki. Nikamuuliza mmoja, "Kaka, hii unaibebaje?" Akacheka. "Nibebe wapi? Inakaa kwenye gari." Bastola inayokaa kwenye droo ya gari inamsubiri mvunja vioo. Mwenyewe anashuka kununua mihogo, anarudi anakuta vipande vya kioo kwenye siti, na kuanzia hapo ana maelezo ya kutoa polisi.

Sasa saizi. Watu wanaogopa urefu wa mtutu, na mimi niliogopa hivyo hivyo. Lakini mtutu unaingia ndani ya suruali, unashuka na paja, hakuna anayeuona. Kinachojichora kwenye shati ni mpini, kwa sababu unabaki juu ya mkanda na unatokeza nyuma kila unapoinama. Baada ya mpini ni unene, maana unene ndio unaosukuma shati nje na kukubana mbavu ukikaa. Kwa hiyo dukani pima kwanza unene, halafu mpini, mtutu uje mwisho.

Namba moja kwangu: nyembamba yenye mpini unaojaa kiganja

Mfano wake ni Glock 43X, iliyotoka 2019. Unene wake ni milimita 28, urefu milimita 165, na magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, inachukua risasi 10. Glock 48 ni ndugu yake, mpini ule ule ila mtutu umerefushwa. Ikijaa risasi, 43X ina gramu 650 na ushei. Ndiyo, mpini wake una kimo sawa na wa bastola ya kati, lakini kwa sababu ni mwembamba unalala ubavuni kama daftari badala ya kusimama kama tofali. Vidole vyote vinaushika mpini, kidole kidogo hakining'inii hewani, na mkono ukishika vizuri shabaha inakuja.

Nimeivaa chini ya shati la kitenge, chini ya suti ya Kaunda, hata chini ya fulana pana Jumapili. Suti ya Kaunda, kama una umri wa kuivaa bila kuchekwa na watoto, inafaa kuliko zote: koti linashuka chini ya mkanda, halichomekwi, na kitambaa chake ni kizito kiasi cha kutoonyesha umbo. Mashati yenye maua au mistari iliyovurugika yanaficha kuliko shati jeupe la kazini.

Namba mbili: ya kati

Hapa yupo Glock 19, ambaye yupo tangu 1988 na ndiye anayetajwa mara nyingi zaidi watu wakizungumzia bastola ya kubeba. Risasi 15, urefu kama milimita 187, na ikijaa inakaribia gramu 850. CZ P-10 C ya Wacheki ni daraja hilo hilo, nayo risasi 15. Kwa kulenga tu, hii ningeipa namba moja bila ubishi. Uzito wake unatuliza teke, yaani ule msukumo wa kurudi nyuma ukifyatua, na ukienda kufanya mazoezi unaweza kupiga risasi hamsini bila kiganja kuwaka.

Tatizo ni Dar yenyewe. Hapa tunavaa nguo nyepesi mwaka mzima. Mwenzetu wa nchi ya baridi anavaa jaketi miezi mingi, anaficha anachotaka. Wewe Februari una shati moja lililolowa mgongoni, na likishalowa linanata kwenye chuma, kila kitu kinasomeka. Kama una mwili mkubwa, mabega mapana na shati lako ni la kuning'inia, chukua ya kati. Mwembamba kama mimi, utavaa koti kwenye joto mpaka watu waanze kukuuliza kama una malaria.

Namba tatu: fupi na nyembamba

Mpaka 2018 bastola nyingi nyembamba za kuficha zilikuwa za risasi 6 au 7. Glock 43 ya 2015, kwa mfano, inachukua 6. Kisha SIG Sauer wakatoa P365, urefu kama milimita 147 tu, wakapanga magazini yake kwa ujanja hadi ikaingia risasi 10. Inajificha vizuri kuliko namba moja na mbili. Mbona basi iko ya tatu? Kwa sababu mpini ni mfupi, na wenye mikono mikubwa kidole kidogo kinakosa pa kushika. Teke linakuwa kali, na risasi ya pili inachelewa kurudi kwenye shabaha. Mwenye mikono midogo, na hapa nawasemea akina mama wenye maduka ambao nao wanaomba leseni, anaweza kuipandisha hadi namba moja.

Glock 26 wanaiweka kundi hili, risasi 10 nayo. Ni fupi kweli, lakini unene ni ule ule wa Glock 19. Inakaa kiunoni kama andazi.

Namba nne: rivolva ya risasi tano

Hii ni ile yenye silinda inayozunguka. Wazee wanaipenda, na nawaelewa. Kwa mfano zile ndogo za Smith & Wesson zenye fremu nyepesi: gramu 400 na kidogo, mtutu usiofika inchi mbili, hazina magazini ya kukwama. Ukivuta kifyatulio na risasi isilipuke, unavuta tena, inakuja nyingine. Ila kifyatulio ni kizito, na kwa chuma chepesi namna hiyo teke lake si mchezo. Watu wanainunua wakidhani ni ya anayeanza, kumbe ndiyo ngumu zaidi kulenga. Na zile za zamani za chuma cheusi zinashika kutu haraka kwa jasho na hewa yetu ya chumvi.

Namba tano: ya mfukoni

Hii ndiyo bastola yangu ya pili, kwa hiyo naomba nizungumze kwa uchungu. Bastola kama Ruger LCP haifiki gramu 300, inaingia mfuko wa suruali, inachukua risasi 6 za aina iitwayo .380. Niliinunua baada ya kuaibika dukani na ile kubwa. Nilikuwa nimepanda ngazi kushusha jora la satini kutoka rafu ya juu, nikanyoosha mkono, shati likapanda nalo. Mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi alikuwa chini. Akasema taratibu, kama anayenionya kuhusu zipu, "Baba Rehema, shusha shati." Akalipa, akaondoka bila kusubiri chenji. Sikumwona tena kwa miezi.

Basi nikakimbilia ndogo kuliko zote. Kuificha, haina mfano. Kuilenga, mita saba tu nilikuwa natawanya risasi kama mahindi ya kuku. Mpini ni wa vidole viwili, mtutu mfupi, vilengeo vyenyewe ni vitu vya kukisia. Na ukweli mwingine ni kwamba kitu kisichofurahisha kukifanyia mazoezi hukifanyii mazoezi. Mwaka mzima nilikwenda mara mbili. Mtu mwenye bastola asiyoweza kuilenga, katikati ya Kariakoo yenye watu kama siafu, ni hatari kwa wapita njia kuliko kwa jambazi.

Halafu kuna suala la jina la risasi. Mtaani mtu anasema "milimita tisa" kana kwamba ni moja. Ziko angalau tatu utakazosikia: 9x19, ambayo ni ya namba moja hadi tatu hapo juu, 9x17, ambayo ndiyo hiyo .380, na 9x18 ya Makarov. Haziingiliani. Soma maandishi kwenye mtutu na kwenye kitako cha risasi, na hakikisha leseni inasema hicho hicho. Kwa urahisi wa kupata risasi za mazoezi, mimi nashauri 9x19.

Bastola kubwa, za saizi ya Glock 17 yenye risasi 17 na urefu wa milimita 200 na ushei, sikuzipa namba. Ni nzuri kwa mlinzi anayeivaa nje ya nguo. Kwa mfanyabiashara zinaishia kwenye droo ya gari, na habari ya droo nimeshaisema.

Ijaribu ukiwa umekaa

Dukani kila mtu anaivaa amesimama mbele ya kioo, anageuka kushoto kulia, anaridhika. Omba kiti. Kaa dakika kumi, funga mkono kama umeshika usukani, inama kama unafunga viatu. Maisha yetu Dar ni ya kukaa, na foleni ya saa moja na nusu itakuonyesha kila kona ya hicho chuma. Mbele ya tumbo panaficha vizuri sana, lakini mwenye kitambi akikaa mpini unamchoma chini ya mbavu. Mimi naiweka nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga ya kulia. Katikati ya mgongo usiweke, hasa kama unapanda bodaboda: ukianguka chali, umeangukia chuma kwa uti wa mgongo.

Ala yake isiwe ya kubahatisha. Fundi viatu mmoja alinishonea ya ngozi laini, nzuri kwa macho. Baada ya miezi michache ya jasho mdomo wake ukalegea, ukawa unajikunja kwa ndani. Siku nilipogundua ukingo umeingia karibu na kifyatulio nilitoa risasi zote hapo hapo, na ala ikaenda jalalani. Chukua ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yako, inayofunika kifyatulio chote na kubaki wazi ukichomoa. Bastola isiyo na ala mfukoni pamoja na funguo, au kwenye mkoba wa mama pamoja na kitana na vipodozi, usithubutu. Mkanda nao uwe wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja. Ile mikanda ya barabarani inayobanduka kama karatasi itaachia bastola iinamie nje, halafu utalaumu saizi.

Jioni naifuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta. Chuma kikuu cha hizi za kisasa kinavumilia, kutu inaanzia kwenye skrubu, kwenye vilengeo na kwenye magazini. Kisha inaingia kwenye sefu ndogo iliyopigwa boliti ukutani, na funguo haikai sebuleni. Siku nikialikwa harusi au sehemu yenye vinywaji inabaki humo humo, na shati langu refu navaa hivyo hivyo. Fundi bado anaamini ni kitambi.