Kuchaji simu na redio ndani ya boti: anza na RCD (kifaa kinachokata stima ikivuja)

Malalamiko ya wenye maboti Dunga na Mbita ni yale yale: plagi imeyeyuka, chaja imeungua. Wakienda dukani huulizia urefu wa kebo ya kuvuta stima kutoka nchi kavu na idadi ya soketi. Ni nadra mtu kuuliza kama stima ikivuja itakatwa, na hapo ndipo kifo kilipo. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo mwili wa binadamu hupitisha umeme vizuri kuliko maji yenyewe. Stima ikivujia ziwani humpitia aliyemo majini, misuli inakakamaa, anazama bila hata kupiga kelele.

Breka ya ampea 16 hailindi mtu, inalinda waya. RCD ya miliampea 30 hukata stima inayovuja ikifika ampea 0.03 tu. Itambue kwa kitufe cha T, cha kuijaribu. Kisha angalia mchoro ulio mbele: wimbi peke yake ni aina ya AC, wimbi lenye vilima viwili pembeni au chini yake ni aina ya A. Chukua A, maana chaja ikiharibika yaweza kuvujisha stima ambayo AC haiihisi. Inaudhi sana muuza vifaa vya stima anapokupa breka ya kawaida na kuapa kwamba kazi ni moja.

Njia ya kwanza kwangu, bila kusitasita, ni chaja ya Victron Blue Smart IP67 ya volti 12, ampea 17. Imezibwa kabisa, haina feni ya kunyonya unyevu. Inajaza betri ya boti, halafu simu na redio zinachajiwa kwa soketi za volti 12. Volti 240 zinaishia kwenye chaja. Weka fyuzi karibu na ncha chanya ya betri. Bei inauma, lakini nunua.

Ya pili ni boksi la RCD lililofungwa nchi kavu, ili kebo nayo ilindwe, pamoja na kebo ya mpira ya nyaya tatu, milimita za mraba 2.5, na plagi ya buluu ya ampea 16. Kwangua uzi mmoja wa waya kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Mrudishie. Na usiiache kebo imeviringwa ikiwa na mzigo. Inapika ganda lake yenyewe.

Ya tatu, plagi ya ampea 13 yenye RCD ndani, yafaa simu tu, nayo ikae pakavu. Ekstenshoni ya kawaida ibaki sebuleni.

Kila safari bonyeza T kwanza, isipokata, usiunganishe. Zima, chomeka upande wa boti, halafu wa nchi kavu, ndipo uwashe. Ukiondoka, zima na uchomoe wa nchi kavu kwanza, ili ncha yenye stima isije ikadondoka ziwani.